Fedha za kufundisha madaktari wa familia Marekani: yanayosemwa na yalivyo

"Serikali inamlipia mwanafunzi karo ya udaktari."
Sivyo. Fungu kubwa la serikali kuu huanza baada ya shahada, mhitimu anapoingia hospitalini kama rezidenti, yaani daktari anayejifunza fani yake huku akifanya kazi. Kwa tiba ya familia ni miaka 3. Deni la chuo hubaki lake.

"Kila rezidenti ana kiasi chake, na hospitali hulipwa chote."
Hapa ndipo wengi hupotea. Medicare, bima ya serikali hasa kwa wazee wa miaka 65 na zaidi, hulipa kwa mikondo miwili. Wa kwanza ni kuzidisha: gharama ya rezidenti mmoja iliyokadiriwa kwa hospitali hiyo (kwa hospitali kongwe msingi wake ni hesabu za 1984, zikipandishwa kufuata mfumuko wa bei), mara idadi ya rezidenti, mara sehemu ya siku za kulazwa zilizotumiwa na wagonjwa wa Medicare. Tuseme gharama ni dola 100,000, rezidenti 20, sehemu hiyo asilimia 30. Hospitali inapata dola 600,000, si milioni 2. Yenye wodi nyingi za watoto na wazazi huambulia pungufu ya hapo.

Mkondo wa pili ni nyongeza juu ya malipo ya kila mgonjwa wa Medicare aliyelazwa: takribani asilimia 5.5 kwa kila rezidenti 10 kwenye vitanda 100. Kituo cha afya hakina vitanda, kwa hiyo mkondo huu unakipita mlangoni. Na hapo ndipo daktari wa familia anapoivia: presha, kisukari, chanjo, kikohozi kisichoisha.

"Nafasi ziligandishwa 1997, haziongezeki."
Nusu kweli. Sheria ya mwaka huo ilizifunga hospitali nyingi kwenye idadi ya rezidenti waliolipiwa na Medicare mwaka 1996. Kuivuka idadi hiyo zinaweza, ila kwa fedha zao, na anayelipa ndiye anayechagua. Mara nyingi huchagua fani zinazoingiza fedha. Bunge liliongeza nafasi 1,000 mwishoni mwa 2020, zisizozidi 200 kwa mwaka, kisha 200 mwishoni mwa 2022, angalau nusu yake za magonjwa ya akili. Hospitali isiyowahi kufundisha hupewa miaka 5 ya kukuza programu kabla ya kuwekewa kikomo. Mtego upo: baadhi zilikaribisha rezidenti wa jirani kwa muda mfupi bila kuwagharimia, na kadirio lao la gharama likaandikwa karibu na sifuri. Sheria ya 2020 ilizifungulia baadhi yao mlango wa kurekebisha.

"Aliyesoma nje halipiwi."
Hulipiwa. Akiwa na cheti cha ECFMG, chombo cha Marekani kinachothibitisha madaktari waliosoma nje, anahesabiwa kama mwingine, awe amehitimu Muhimbili au Nairobi.

"Vituo vya afya vina mfuko wao, yamekwisha."
Mfuko upo tangu sheria ya 2010: dola milioni 230 kwa miaka ya 2011 hadi 2015, dola 150,000 kwa rezidenti kwa mwaka. Mwaka wa masomo 2015–16 kiasi hicho kilishuka hadi 95,000. Kasoro iko kwenye kalenda. Rezidenti hupangiwa kituo Machi, huripoti Julai, na mwaka wa fedha wa serikali hufungwa 30 Septemba. Msimamizi anaahidi mshahara wa miezi 36 wakati fedha mara nyingi zimeidhinishwa kwa mwaka mmoja au miwili tu, pengine kwa miezi michache. Baadhi ya vituo vilipunguza nafasi badala ya kubahatisha.