Je, wajua? Siagi ya kwenye friza huharibiwa na jirani yake

Gandisha maziwa kwenye friza, au kongelateri kama tunavyoiita huku Goma, kisha yayeyushe: mara nyingi utaona mafuta yamejitenga na kuelea. Mayonezi ndiyo balaa, hukatika kabisa. Siagi hutoka vilevile ilivyoingia. Kwa nini, ilhali zote ni mafuta na maji?

Jibu liko kwenye kipimo. Siagi ina mafuta asilimia 80 hivi na maji kama 16 tu, nayo yametawanyika ndani ya mafuta kwa vitone visivyoonekana kwa macho. Baridi ikiingia, kila kitone huganda peke yake kimefungiwa. Hakuna barafu kubwa ya kupasua chochote. Bakteria nao huhitaji maji, na humo hukuta vichumba visivyo na njia. Siagi ya chumvi huwakomesha zaidi: chumvi haiyeyuki kwenye mafuta, hivyo yote hukimbilia kwenye maji hayo machache. Ikiwa asilimia 2 ya siagi ni chumvi, ndani ya vitone inapita 10.

Kinachobaki ni mafuta yenyewe kuchacha kwa hewa na mwanga, na yakivunjika hutoa asidi ya butiriki, ile harufu kama ya matapishi. Nyuzi 18 chini ya sifuri huchelewesha hayo, haziyazuii. Ipe miezi 6 hadi 9. Isiyo na chumvi iliwe mapema.

Ila kwetu siagi haifi kwa uzee, hufa kwa sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu. Mafuta hunywa harufu ya chochote kilicho karibu. Ikilala wiki moja ubavuni mwa mfuko wa sambaza wabichi, mkate wa asubuhi utanuka Ziwa Kivu. Nimeula mkate huo, na chai haikusaidia. Kwa hiyo ikate vipande vya kutosha wiki moja moja, kila kimoja kizungushie karatasi ya aluminiamu, kisha vitie kwenye kopo lenye mfuniko wa kubana.

Umeme ukikatika, usifungue mlango kuchungulia. Friza iliyojaa hushika baridi kama saa 48, iliyo nusu 24. Penye nafasi jaza chupa za maji.

Kuyeyusha, hamishia kipande kwenye frigo (friji ya kawaida) usiku kucha kikiwa bado kimefungwa, ili umande utue juu ya karatasi. Mwenye haraka ya mandazi aikune ikiwa ngumu hivyo hivyo, kwa kikunio cha karoti, moja kwa moja kwenye unga.