Kufyatua shata kwa mbali kwenye kamera ya mirolesi ni nini hasa?

Watu wengi wakisikia rimoti ya kamera wanadhani kuna mambo makubwa yanafanyika humo ndani, kumbe kazi yake ni moja tu, kubonyeza kitufe cha shata, yaani kile cha kupigia picha, bila kidole chako kugusa kamera. Ila hicho kitufe kina siri yake na ukishaielewa basi rimoti zote umezielewa, iwe ya waya, ya Bluetooth au ya kwenye simu: kitufe cha shata kina hatua mbili. Ukibonyeza nusu kamera inaamka, inapima mwanga na inafokasi, yaani inarekebisha lenzi ili unachopiga kionekane vizuri, ukimalizia mpaka chini ndo picha inapigwa. Rimoti inapeleka hizo hatua mbili kwenye kamera.

Chukua rimoti ya waya ya kamera ya Canon EOS RP uone. Pini yake ni ya 2.5 mm, nyembamba kuliko ya earphone tulizozizoea ambayo ni 3.5. Iangalie kwa karibu, utaona chuma kimegawanyika sehemu tatu na katikati kuna vimistari vya plastiki: kuna ncha, kuna pete, halafu kuna shina. Shina ndo la pamoja. Pete ikigusana na shina kamera inajua umebonyeza nusu, na ncha nayo ikigusana na shina hapohapo shata inafyatuka. Yaani ndani ni swichi mbili na nyaya tatu, hata betri hakuna, ndo maana zile za bei nafuu zinapiga kazi vizuri tu na kuna watu wanajiungia wenyewe nyumbani kwa swichi za kawaida. Cha kuangalia wakati wa kununua ni tundu, maana hata kampuni moja inachanganya, EOS R6 inatumia hilo la 2.5 mm wakati EOS R5 ina tundu lake tofauti la pini tatu, ukikosea hapo umenunua pambo.

Sasa kwanini usibonyeze tu kwa kidole? Mirolesi haina kile kioo cha ndani kilichokuwa kinaruka juu na kuitikisa kamera kwenye zile za zamani, kwahiyo kuna wanaosema rimoti haina kazi tena. Mimi sikubaliani nao. Kioo kimeondoka lakini kidole chako bado kipo, na ukiwa na lenzi ndefu kwenye stendi huku spidi ya shata, yaani muda inaobaki wazi, ni kati ya 1/60 ya sekunde na sekunde 1, ule mguso mdogo wa kidole unaonekana kabisa kwenye picha. Ajabu ni kwamba kwenye picha ya sekunde 30 mtikisiko huo huo hauonekani sana, kwasababu umechukua muda mdogo sana wa picha nzima. Kama shida yako ni mtikisiko tu na hicho unachopiga hakihami, taima ya sekunde 2 iliyomo kwenye kamera inatosha, usitoe hela bure.

Rimoti inaanza kuwa na thamani pale unapotaka kuchagua wewe sekunde ya kupiga, au unapotaka picha nyingi mfululizo. Nyota ndo mfano ninaoupenda kuliko yote. Ukitaka ile michirizi ya nyota inayozunguka angani unahitaji kama saa nzima, maana anga linaonekana kuzunguka nyuzi 15 kwa saa, na kamera nyingi mwisho wake wa kawaida ni sekunde 30. Unaweka sekunde 30, unaweka kamera kwenye kupiga mfululizo, halafu kitufe cha rimoti ya waya unakibonyeza na kukisukuma mbele kinajifunga hapo. Kamera inapiga moja baada ya nyingine yenyewe, saa moja una picha kama 120 za kuunganisha kwenye kompyuta, na wewe umekaa zako pembeni na chai. Hapo fokasi lazima iwe ya mkono, yaani unaiweka mwenyewe badala ya kuiachia kamera, usisahau.

Na hii ya fokasi ndo inayowaliza wengi, mimi mmojawapo. Kuna siku tunapiga picha ya familia kwa mama mkubwa, watu 23, jioni giza linaanza kuingia, nimeshakaa kwenye nafasi yangu nabonyeza rimoti, kimya. Nabonyeza tena, kimya, watoto wameanza kuhama. Nikailaumu rimoti wee, kumbe rimoti ilikuwa nzima, hatua ya kwanza ilikuwa inafika ila kamera inatafuta fokasi kwenye giza haipati, na isipopata kwa setingi niliyokuwa nayo haifyatui. Tangu siku hiyo nafokasi kwanza nikiwa nyuma ya kamera, nahamisha kwenda fokasi ya mkono, ndo naenda kukaa.

Zisizo na waya ziko za aina kadhaa. Za infraredi ni kama rimoti ya TV, lazima iione kamera, na jua kali linaidhoofisha. Za Bluetooth kama BR-E1 ya Canon hazina shida hiyo, unaweza kuwa hata nyuma ya kamera, ila umbali ni kama mita 5 tu na lazima uingie kwenye menyu uziunganishe kwanza halafu uweke kamera kwenye hali ya rimoti au taima, la sivyo utabonyeza mpaka uchoke. Za redio ndo za kwenda mbali, kuna kipokezi kinachomekwa kwenye lile lile tundu la waya, ndege yuko kwenye tawi lake na wewe umejificha mbali asikuone. Simu nayo ina raha yake kwasababu unaona picha kabla ya kupiga na unagusa unapotaka fokasi ikae, ila inachelewa kidogo na betri inakwisha haraka kwa vile skrini, sensa na waifai vyote vinafanya kazi muda wote, kwahiyo ukienda na simu beba betri ya pili na iwe imejaa.