PTH haigongi mlango wa osteoklasti, jamani

Juzi tena. Nasahihisha karatasi za mwaka wa pili, nikafika ya nne mfululizo iliyoandikwa "PTH hushika risepta ya osteoklasti na kuifanya ianze kula mfupa", nikaweka kalamu chini. (PTH ni homoni ya tezi ya parathiroidi, osteoklasti ni seli inayokula mfupa, na risepta ni kipokezi ambacho homoni hushika kwenye seli.) Wanafunzi siwalaumu sana, maana hata slaidi za wakubwa wao zinachora mshale unaotoka parathiroidi mpaka kwenye osteoklasti bila kusimama popote, na kitu ukikiona mara kumi utakiamini tu.

Sasa sikilizeni. Risepta ya PTH, hiyo PTH1R, iko kwenye osteoblasti, seli inayojenga mfupa, na osteositi, seli iliyozikwa ndani ya mfupa. Yaani amri ya kula mfupa inapokelewa na seli inayoujenga. Rodan na Martin walilisema hili tangu 1981, wakati huo kama dhana, wakiona kwamba homoni zinazoleta ulaji wa mfupa risepta zake zinapatikana kwenye osteoblasti. Osteoklasti ni ukoo mwingine kabisa, ni ndugu wa makrofeji, zile seli za kinga zinazomeza uchafu, asili yake uboho. Osteoblasti ikishapata PTH inatoa RANKL, protini ya kuita osteoklasti, kwa wingi na kupunguza OPG, protini ya kuizuia; RANKL inashika risepta yake, RANK, kwenye seli tangulizi ambayo tayari protini ya M-CSF imeiweka hai, seli zinaungana, osteoklasti hiyo. OPG kazi yake ni kuidaka RANKL kabla haijafika. Haya mnayajua, sikai hapo.

Ninachotaka mkione ni hiki. Chukua makrofeji za uboho wa panya zilizosafishwa vizuri, zipe M-CSF, mwagia PTH, subiri wiki nzima ukibadilisha maji yake ya lishe. Paka rangi ya TRAP, inayozigeuza osteoklasti kuwa nyekundu. Utakuta makrofeji zilezile, kila moja na kiini chake kimoja, hakuna kilichotokea. Kwenye sahani ya pili weka osteoblasti chini yake, PTH ileile, siku zilezile, na sasa unaona madude mapana mekundu yenye viini kumi na zaidi vimejipanga pembeni. Tofauti ya sahani hizo mbili ni osteoblasti, basi.

Halafu linganisha na kalsitonini, homoni inayozuia ulaji wa mfupa, ambayo risepta yake kweli iko juu ya osteoklasti yenyewe, tena ni mojawapo ya alama tunazoitambulia. Iguse osteoklasti iliyokomaa na kalsitonini, ndani ya dakika chache kingo zake zinazochezacheza zinatulia kisha inajikunja. Hapo ndipo unajua homoni inaongea na seli ana kwa ana. Ila ukiiacha muda mrefu risepta zinapungua na seli inarudi kazini, ndiyo maana kalsitonini kama dawa inachosha mapema.

Na kuna hoja nyingine ambayo wanaochora ule mshale hawanijibu. Teriparataidi ni kipande cha PTH hiyohiyo, Marekani waliiruhusu 2002 kutibu mifupa dhaifu, mgonjwa anachomwa sindano moja kwa siku na mfupa UNAONGEZEKA. PTH ikikaa juu muda wote, kama kwa mwenye uvimbe wa parathiroidi, mfupa unaliwa. Kama ingekuwa inaamsha osteoklasti moja kwa moja, sindano ya kila siku ingejenga nini? Inajenga kwa sababu anayeisikia ni mjenzi, na mjenzi anajibu tofauti akiitwa mara moja na akiitwa bila kupumzishwa.

Vitamini D hali ni karibu ileile, inapita kwa osteoblasti. Estrojeni ndiyo inayonisumbua, na hapa vitabu vinaficha ugumu. Mwaka 1994 iliripotiwa habari ya mwanaume wa miaka 28, urefu sentimita 204, bado anarefuka, mifupa yake hafifu, testosteroni yake ya kawaida, kumbe risepta alfa ya estrojeni imeharibika kwa kurithi. Sawa, risepta ni muhimu hata kwa wanaume, lakini iliyo kwenye seli ipi? Kwa panya jike, ukiifuta ndani ya osteoklasti peke yake mfupa wa sponji unapungua, ila gamba la nje linategemea zaidi risepta iliyo upande wa seli za ujenzi. Kwa hiyo ukisema "estrojeni inazuia osteoklasti" umesema nusu, na nusu yenyewe inategemea umeangalia sehemu gani ya mfupa.

Na nikiri, wapo walioripoti PTH1R kwenye osteoklasti zenyewe, na tangu 2006 kuna ubishi mkali kuhusu FSH, homoni ya uzazi, kushika osteoklasti moja kwa moja. Hatujakubaliana. Lakini ubishi huo haufuti zile sahani mbili.

Mwenye karatasi ya nne nimemwita Alhamisi asubuhi. Rangi nitapaka mwenyewe, darubini atashika yeye, na simwambii ipi ina osteoblasti.