Chumvi ya kisimani sio chumvi ya baharini jamani

Hii ni simu ya nne mwezi huu na maneno ni yaleyale. Kijana wa Makorora, hapa Tanga mjini, kanunua multi kumi na wawili, wale samaki wadogo wa tanki, wamebaki wanne, na kabla sijauliza chochote kashaniambia, "Kaka si unajua maji yetu ya Tanga yana chumvi, hawa huku hawazai, ndo nikawahamishia kwenye maji ya mvua." Nilinyamaza kwanza maana ningemfokea, na mtu kafiwa na samaki wanane hastahili kufokewa. Ila naandika hapa mara moja ili mwingine akipiga nimtumie hii asome.

Multi (Neolamprologus multifasciatus) ni samaki wa ziwa Tanganyika, upande wa kusini, dume mzima hafiki hata urefu wa kidole, na maisha yake yote yanazunguka gamba la konokono. Ziwa lile pH yake (kipimo cha asidi, 7 ndo katikati, ikishuka ni asidi) inacheza 8.6 mpaka 9.2, maji yamejaa bikaboneti (ndo inayozuia asidi) na magnesiamu, kalisiamu ipo. Sasa niambieni, kisima cha Tanga kimekosa nini hapo? Tumekalia mawe ya chokaa, mapango ya Amboni yenyewe ni mawe ya chokaa yaliyoliwa na maji. Watu wa nchi nyingine wananunua unga wa madini kwa gramu wachanganye wapate maji kama hayo unayoyavuta wewe kwa kamba na ndoo.

Shida imeanzia kwenye neno. Sisi maji yakikataa kutoa povu la sabuni tunasema yana chumvi, na maji yakiingiliwa na bahari tunasema vilevile yana chumvi, neno moja vitu viwili. Ya kwanza ni chokaa, ndo ile inaacha ukoko mweupe kwenye birika. Ya pili ni chumvi kweli, ya kupikia, inayopanda visimani kwa walio karibu na ufukwe, na hiyo multi haihitaji hata kidogo, kwa hiyo na we uliyemwagia pakiti ya chumvi ya mezani kwenye tanki sababu umesikia Tanganyika ni ya chumvi, acha.

Kutofautisha ni rahisi na hakuna anayefanya. Chukua kikombe cha maji ya kisima, chemsha kwenye sufuria safi moto mdogo mpaka ikauke kabisa, iache ipoe. Utaona utando mweupe chini. Kamulia ndimu. Ukichemka vipovu vidogo vidogo kama soda iliyofunguliwa sasa hivi, hiyo ni chokaa, furahi. Kama hamna vipovu, umebaki na chengachenga zinazoyeyuka ukiweka tone la maji, na ukilamba unasikia chumvi ya kwenye mchuzi, basi bahari imekufikia, tumia ya bomba. Mara nyingi utapata vyote viwili, unaangalia kipi kimezidi, na hapo nakiri ni jicho na uzoefu, sina namba ya kukupa. Na usinitumie picha ya ile mita ya TDS, ya kupima vitu vilivyoyeyuka kwenye maji, inasoma 700 ukaniuliza mbona nyingi. Ile inapima umeme unavyopita kwenye maji, haijui chokaa na haijui chumvi, inajumlisha tu.

Sasa kwa nini hii imani haifi? Kwa sababu inaonekana kweli kwa macho, na hapa ndo nataka msome polepole. Mtu anaweka tanki leo, filta ya sponji mpya haina hata bakteria mmoja wa kula amonia, ile taka ya samaki na chakula, anaweka samaki kumi na wawili siku hiyohiyo anawalisha mara nne. Amonia inapanda. Kwenye pH 9 na joto letu la nyuzi 28, karibu asilimia 40 ya amonia yote ni ile ya sumu, wakati kwenye pH 7 haifiki hata asilimia 1. Kwa hiyo samaki wanahema juu juu, mwenye tanki anasema chumvi hiyo. Anabadilisha, anaweka maji ya mvua, pH inashuka, amonia ileile inageuka kuwa isiyouma sana, samaki wanachangamka! Anaambia na wenzake. Ila maji ya mvua hayana bikaboneti, bakteria wakianza kazi wanatoa asidi na hakuna cha kuizuia, pH inaporomoka, bakteria wenyewe wanagoma, amonia inalundikana kimyakimya. Wiki ya tatu samaki wanaonekana wanyonge, anapaniki, anarudisha ndoo mbili za kisima kwa mkupuo. pH inaruka, sehemu kubwa ya amonia iliyolundikana inageuka sumu usiku mmoja. Asubuhi wanane juu ya maji. Muuaji ni chakula na haraka, kisima kinasingiziwa.

Maji ya mvua sijayatukana, ukifuga ramu au apisto, samaki wadogo wa Amerika ya Kusini, ni dhahabu, masika jaza mapipa. Kwa multi hapana.

Mengine haraka. Bomba la mjini ni maji ya mto Zigi, bwawa la Mabayani, laini kuliko kisima, yaani chokaa yake kidogo, laza kwenye ndoo wazi usiku kucha klorini itoke na weka mchanga wa pwani uliooshwa mpaka ukionja hauna chumvi. Magamba ya konokono wa shambani yanafaa, yachemshe, weka mengi kuliko samaki. Simbi hapana, mdomo wake ni ufa, hawaingii. Kula watoto? Multi hawali watoto wao, wakubwa na wadogo wanakaa kijiji kimoja, usihamishe mtu.

Na usinyanyue gamba kuchungulia mayai. Zima taa, saa nne usiku piga tochi kwa pembeni, utaona jike kaziba mlango anapepea mkia, alafu siku moja mbele yake kuna kitu kama nusu punje ya mchele kinaruka ruka kwenye mchanga na kurudi ndani. Mi bado nasimama kama nimeshikwa. Vitabu vinasema badilisha maji ndo watage, na kweli inatokea, lakini majike wangu wametaga pia wiki nilizosafiri bila kugusa tanki, kwa hiyo sikuapii.

Wewe wa Makorora, hao wanne: siku tatu usilishe. Kila siku toa robo ya maji, jazia maji mapya ya mvua, amonia ipungue kwanza. Siku ya nne anza kisima, lita moja asubuhi, lita moja jioni, taratibu hivyo mpaka wiki mbili ziishe. Sponji usiioshe. Jumamosi nakuja Makorora kwa shangazi, nitapitia na chupa ya maji ya tanki langu na sponji moja iliyokomaa, yenye bakteria tayari.