Unga wa muhogo uliochacha si lazima uwe salama

Wasindikaji wengi ninaokutana nao huamini kwamba udaga, yaani muhogo uliochachushwa na kukaushwa, ukishachacha vizuri, sumu imekwisha. Mimi ni mkemia wa chakula, na imani hiyo hunitia wasiwasi kwa sababu ni nusu ya ukweli. Nusu ya pili iko kwenye asidi na jinsi inavyokitawala kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemia, ambacho muhogo huwa nacho tangu shambani.

Muhogo mchungu una linamarini, yaani glukosi (sukari) iliyofungamana na kipande chenye sianidi, ambayo ndiyo sumu yenyewe, iliyohifadhiwa katika vifuko ndani ya seli. Kimeng'enya cha kuivunja, linamarasi, kinakaa kwenye kuta za seli. Havikutani mpaka muhogo ukwanguliwe, utwangwe au ulowekwe hadi ulainike. Vikikutana, linamarasi hukata glukosi na kubakiza sianohidrini, kile kipande chenye sianidi. Hiyo nayo ikivunjika hutoa sianidi, ambayo huchemka kwenye nyuzi 26 za Selsiasi, kwa hiyo hupaa kirahisi.

Linamarasi hufanya kazi vizuri pH, kipimo kinachoshuka kadiri asidi inavyozidi, ikiwa karibu na 6. Ndani ya shimo lake la kazi kuna glutamati mbili, ambazo ni vijenzi vya protini: moja lazima iwe na protoni (chembe ya hidrojeni ambayo asidi huitoa) ya kuitoa wakati wa kukata, na nyingine lazima iwe imeshaiacha protoni yake ili iweze kukishambulia kiungo cha sukari. Karibu na pH 6 kila moja iko katika hali inayotakiwa. Shusha pH mpaka 4, na protoni kwenye maji zinakuwa nyingi mara 100. Zinaikalia ile glutamati iliyopaswa kuwa wazi, na kazi inazorota. Pandisha pH kupita kiasi, na ile ya kwanza inapoteza protoni yake. Ndiyo maana mchoro wa kasi ya vimeng'enya huwa na umbo la kilima. Asidi ikiwa kali mno, hata umbo la protini huharibika, na mara nyingi halirudi tena.

Sasa tazama kinachotokea kwenye pipa. Bakteria wa asidi ya laktiki huanza kazi na pH hushuka hadi karibu 4. Linamarasi hupungua kasi. Wakati huohuo sianohidrini, ambayo huvunjika yenyewe pH ikizidi 5, hutulia kwenye asidi na kubaki ndani ya muhogo. Kuloweka kunasaidia sana, maana mizizi hulainika, linamarini huvuja kwenye maji, na bakteria nao huchangia kuivunja. Lakini anayefikiri uchachu wenyewe ndio unaoondoa sumu anakosea, na anaweza kuufupisha muda wa kukausha au kupika, ambao ndio unaoifukuza sianohidrini iliyobaki. Gari, ule muhogo wa Afrika Magharibi, huchachushwa kisha hukaangwa kwenye sufuria pana. Hatua hiyo ya moto si ya ladha tu.

Nasisitiza haya kwa sababu ya konzo, ugonjwa unaopoozesha miguu yote miwili ghafla na bila kupona, hasa kwa wanawake na watoto wanaokula muhogo mchungu usiosindikwa vya kutosha na wenye upungufu wa protini. Kwetu Tanzania uliripotiwa Tarime mwaka 1985.

Kwa unga ambao tayari umesagwa, njia ninayoipendekeza ni ya Howard Bradbury, mkemia wa Australia. Changanya unga na maji, utandaze wenye unene usiozidi sentimita 1, uache juani saa 2 au kivulini saa 5, kisha usonge ugali siku hiyohiyo. Maji hukipa linamarasi kilichobaki nafasi ya kuifikia linamarini, na utandazaji mwembamba huipa gesi njia ya kutoka. Usiongeze ndimu wala maji ya kuchachusha kwenye mchanganyiko huo, na fanya kazi hiyo mahali penye hewa, mbali na watoto.