Dawa za kuletewa nyumbani, usiishie kusaini na kupokea tu

Siku hizi watu wengi wanaoda dawa kwa simu na wanaletewa mpaka mlangoni, na sisi wafamasia hatuna ugomvi na hilo, mtu anaumwa miguu au ametoka kujifungua juzi aje kupanga foleni ya nini. Ila kuna kitu kinabaki famasi na hakipandi pikipiki. Ukija dirishani mwenyewe nakuuliza unatumia dawa gani zingine, una aleji na kitu chochote, una mimba, unanyonyesha, na ukiwa unajibu nakuangalia usoni naona kama umeelewa au unaitikia tu ili uondoke. Anayeleta mzigo hana maswali hayo na wala si kazi yake, kwa hiyo akianza kukuelekeza meza mbili asubuhi mbili jioni, mshukuru halafu mpigie mfamasia.

Yaani hiyo simu ndo muhimu kuliko vyote. Famasi nzuri inapiga yenyewe kabla ya kutuma, isipopiga piga wewe, hata kama ni dawa unayoitumia miaka yote. Kampuni ikibadilika kidonge kinaweza kuja na rangi nyingine na umbo lingine, mgonjwa anadhani hii ni dawa mpya ameongezewa, anameza na ile ya zamani iliyobaki, kumbe amemeza kitu kilekile mara mbili. Kwa dawa ya presha au ya kisukari hapo mtu anadondoka.

Kabla anayeleta hajaondoka fungua bahasha uangalie jina ni lako kweli (nyumba zenye baba na mtoto wa jina moja muwe makini zaidi), nguvu ya dawa, tarehe ya kuisha muda, na kama boksi limefunguliwa. Usisome tu ile karatasi iliyobandikwa na famasi, soma na maandishi ya kwenye pakiti yenyewe. Metformini na metronidazoli majina yanakaribiana na zote zipo za miligramu 500, moja ya kisukari nyingine ya maambukizi, sasa wakati famasi imejaa na oda za simu zinaingia mfululizo, kuchanganya ni rahisi kuliko unavyodhani. Kuna na methotreksati, mgonjwa wa maungio anameza mara moja kwa wiki, ikiandikwa kimakosa kila siku inaua. Ukiona maelekezo yamebadilika ghafla usimeze kwanza, uliza.

Sasa insulini, ile dawa ya kisukari ya kuchoma sindano. Hii ndo inanikosesha usingizi kidogo. Ile ambayo haijafunguliwa inatakiwa kukaa nyuzijoto 2 mpaka 8, kwa hiyo watu wanaogopa joto tu, wanasahau kwamba kuganda nako kunaiharibu, na ikishaganda hata ikiyeyuka haifai tena. Mtu wa famasi kwa nia njema kabisa anaweka chupa imegusana na barafu moja kwa moja, inafika baridi kweli wewe unafurahi, kumbe imeshakufa. Kati ya barafu na dawa lazima kuwe na kitu, karatasi nene au kitambaa. Ile ya rangi ya maziwa ukiizungusha taratibu mkononi ukaona mabonge au chembe zimeganda kwenye ukuta wa chupa, usichome. Ile inayotakiwa kuwa angavu ikiwa na ukungu, hivyohivyo. Na kuonekana sawa siyo uhakika, ukijua iliganda au ilishinda juani kwenye boksi la pikipiki irudishe tu.

Mtoto asipokee dawa, na mlinzi wa getini au jirani asipokee bila wewe kukubali, kwanza ni usalama, pili ni siri yako, bahasha haitakiwi kuandikwa kwa nje dawa ni ya ugonjwa gani. Dawa kali za maumivu na zile zenye kulevya apokee mgonjwa mwenyewe au mtu aliyemtaja, tena kwa kitambulisho.

Ikija siyo yako usimpe mwenzako anayeumwa hivyohivyo, ipige picha, wapigie waifuate. Na ukisikia famasi wanairudisha kwenye shelfu waiuze tena, hao hama, maana hakuna anayejua ilikaa wapi tangu ilipotoka kwao.