Seva ya standbai: yanayosemwa na yanayotokea

Chukulia saccos ya Tanga mjini. Seva kuu iko Chumbageni, ya standbai, yaani ya akiba inayofuata kila kinachofanyika kwenye kuu, wameipeleka tawi la Muheza ili umeme ukikatika huku, kule kazi iendelee. Wazo zuri. Kazi huanza pale fundi anapokwama na kila mwenzake akawa na jibu, kama haya yafuatayo. Nazungumzia PostgreSQL, programu ya kutunza kanzidata.

“Tengeneza recovery.conf.” Ushauri huu ulikuwa sahihi zamani, mipangilio ya standbai ilipokuwa inaandikwa humo. Tangu toleo la 12 la mwaka 2019 faili hilo halitumiki tena, na seva ikilikuta inakataa kuwaka. Siku hizi ni faili tupu liitwalo standby.signal, pamoja na anwani ya seva kuu kwenye primary_conninfo. Ukinakili data ya seva kuu kwa amri ya pg_basebackup yenye -R, vyote viwili vinajiandika.

“Nimeshaweka all kwenye pg_hba.conf, kwa hiyo tatizo ni mtandao.” Faili hilo ndilo linalosema nani anaruhusiwa kuingia kwenye seva, na hapa ndipo watu wanapoteza siku nzima. Kutoka Muheza psql, programu ya kuandikia amri, inaingia, nywila inakubalika, pingi inajibu, lakini pg_basebackup inagoma. Basi wanazima fayawoli, wanabadilisha ruta, wanawapigia watu wa intaneti. Kumbe logi ya seva kuu imeshasema: hakuna mstari wa replikesheni, yaani wa kunakili mabadiliko kwenda standbai. Neno all kwenye safu ya kanzidata halihusu replikesheni ya aina hii. Inataka mstari wake:

host replication mrudufu 10.20.0.7/32 scram-sha-256

Hapo 10.20.0.7 ni anwani ya standbai, na mrudufu ni mtumiaji wa kanzidata ambaye lazima awe amepewa haki ya REPLICATION. Baada ya hapo inatosha kuita pg_reload_conf(), huna haja ya kuzima seva. Ila kama listen_addresses bado ni localhost, yaani seva inasikiliza mashine yake tu, hiyo ukiibadilisha ni lazima uwashe seva upya. Soma logi kwanza, za pande zote mbili, fayawoli baadaye.

“Ikishaunganika, imetoka hiyo.” Hapana. Laini ya Muheza ikikatika wikiendi nzima, seva kuu haiwekei kumbukumbu za WAL (daftari la kila badiliko la data) milele. Vipande hivyo, vya MB 16 kila kimoja, hufutwa au kutumika upya, na standbai ikirudi inaomba kipande ambacho hakipo. Kama hukuvihifadhi pengine, unanakili upya kuanzia mwanzo. Dawa inayojulikana ni sloti ya replikesheni, alama inayoiambia seva kuu isifute WAL ambayo standbai haijaichukua, nayo ina sumu yake: bila kikomo, sloti ya standbai iliyokufa inaendelea kulimbikiza WAL mpaka diski ya Chumbageni ijae na seva kuu isimame. Kuanzia toleo la 13 kipo kikomo, max_slot_wal_keep_size, lakini kwa chaguo-msingi ni -1, yaani hakuna. Kiweke. Na ukiistaafisha standbai, futa sloti yake siku hiyohiyo.

“Tuna standbai, bakapu ya nini?” Amri ya kufuta, DELETE, iliyosahau WHERE ya kuchagua kipi kifutwe, inafika Muheza kabla hujanyanyua kidole kwenye kibodi. Bakapu ni kitu kingine, na haina mbadala.

“Hakuna muamala utakaopotea.” Kwa kawaida seva kuu haisubiri standbai, hivyo ikifa ghafla miamala ya mwisho inaweza kubaki huko. Unaweza kuilazimisha isubiri kwa synchronous_standby_names, lakini ukiwa na standbai moja tu na laini ikakatika, kila muamala wa kuandika Chumbageni unaganda huku wateja wamepanga foleni dirishani. Kwa laini ya kubahatisha, mimi ningeiacha isisubiri.

(Ukipima ucheleweshaji kwa pg_last_xact_replay_timestamp() usiku ukaona muda wa saa tano umepita, usishtuke: huenda hakuna aliyefanya muamala. Angalia pg_stat_replication kwenye seva kuu.)

“Kuu ikifa, ya pili inajipandisha yenyewe.” PostgreSQL peke yake haifanyi hivyo. Mtu ndiye anaita pg_promote(), au programu nyingine kama Patroni ifanye. Ukishaipandisha ya Muheza, ile ya Chumbageni isiruhusiwe kupokea wateja umeme ukirudi, maana mtakuwa na vitabu viwili vya hesabu vinavyopingana. Irudishe kama standbai kwa pg_rewind, ambayo inakubali tu kama wal_log_hints au data checksums vilikuwa vimewashwa tangu awali. Kama havikuwa, ni pg_basebackup tena.